Baba Hakupotea, Hakuandikwa

Ndugu zangu, leo nimekasirika, kwa hiyo mtanivumilia.

Mwezi uliopita gazeti lilinituma Singida kuandika habari za bei ya alizeti. Niliziandika, zikatoka ukurasa wa ndani, mambo yakaisha. Habari ambayo haikutoka ni ya mama mmoja wa wilaya ya Manyoni, jina lake nalihifadhi, ambaye umri wake umeshagonga hamsini. Mama yake mzazi alikuwa Mnyaturu. Baba yake alikuwa Mtaliano, fundi wa mitambo aliyeletwa na kampuni ya ujenzi miaka ya sabini. Mkataba ulipokwisha fundi akaondoka, mtoto akiwa bado anabebwa mgongoni. Alichoachiwa mtoto ni picha moja iliyopauka na jina moja: Pepe.

Tangu mama yake afariki amekuwa akitafuta. Anataka kujua Pepe ni nani, alizaliwa mji gani, kama yu hai, na kama huko aliko yeye ana kaka au dada. Basi.

Nilirudi chumba cha habari na pendekezo langu. "Huyo anatafuta pasipoti," akasema mmoja. "Mzungu kaenda zake, ya nini tena?" akasema wa pili. Wa tatu akauliza kama huyo chotara ni mrembo. Wakacheka, tukaenda kunywa chai, habari ikafia hapo.

Sasa naiandika mwenyewe. Na nitaanza na hao waliocheka, maana wana digrii kama mimi na kama wewe unayesoma. Wangekuwa watu wasiosoma ningenyamaza.

Hoja ya kwanza: anatafuta pasipoti. Haya, tuipime. Sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Ukichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yako, wa Tanzania unauaga. Kwa hiyo mama huyu akipewa pasipoti nyekundu ya Italia leo asubuhi, jioni ni mgeni Manyoni. Mgeni kwenye shamba lake, mgeni kwenye kaburi la mama yake, anaomba kibali cha kuishi kijiji alichozaliwa. Mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye wajukuu, auze hayo yote akafanye nini Milano kwenye baridi?

Na huko Italia kwenyewe mlango wa uraia wa kurithi umebanwa. Machi 2025 serikali yao ilitoa amri, na Mei mwaka huohuo bunge likaigeuza kuwa sheria namba 74. Kwa kanuni ya jumla uraia wa kurithi kwa waliozaliwa nje sasa unaishia kwa watoto na wajukuu. Vitukuu waliokuwa wakimiminika kutoka Brazil na Argentina wamefungiwa nje. Mama wa Manyoni ni mtoto, hivyo sheria hiyo haikumlenga yeye. Lakini mtoto mbele ya sheria ni yule ambaye ubaba wake umethibitishwa, na hapo ndipo tunaporudi kwa Pepe asiye na jina la ukoo.

Hata hivyo, tuseme kweli anataka pasipoti. Kosa liko wapi? Mwenzetu aliyepata skolashipu ya Uingereza tulimfanyia pati. Aliyeolewa Uswidi tunamwomba atutumie simu. Mtu anayedai kilicho chake kwa damu ndiye tunayemwita mjanja?

Hoja ya pili ndiyo inayoniuma zaidi: mzungu kaenda zake, achana naye. Maneno haya yanajifanya ya busara. Yanachukulia kwamba baba alipotea kama jiwe linavyozama Ziwa Singidani, likazama na hakuna wa kulaumiwa. Mimi nasema baba wa mama huyu hakupotea. Hakuandikwa. Na kutoandikwa ni kazi ya mikono ya watu, kuna sheria zilizoiruhusu na kuna ofisi zilizoona hivyo ni sawa.

Anza na mkoloni. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1920. Kuandikisha mtoto kulikuwa lazima kwa Wazungu na Waasia. Mwafrika hakulazimishwa, yaani hakuhesabika. Mtoto wa Mzungu na mama Mwafrika alikaa katikati: akilelewa kwa mama kijijini alihesabiwa mwenyeji, na mwenyeji hana haja ya cheti. Baada ya Uhuru uandikishaji ulipanuliwa polepole, wilaya baada ya wilaya. Polepole kiasi kwamba Sensa ya 2012 ilikuta takriban asilimia 13 tu ya watu wa Tanzania Bara wana cheti cha kuzaliwa. Nusu karne ya Uhuru, asilimia 13! Sasa mtoto aliyezaliwa Manyoni miaka ya sabini, nani angemwandika?

Tuje kwenye pesa. Mwaka 1949 mkoloni alitunga sheria iliyomruhusu mwanamke aliyezaa nje ya ndoa kumdai baba wa mtoto matunzo mahakamani. Kiwango cha juu kiliishia kuwa shilingi 100 kwa mwezi, na dai lilitakiwa lifunguliwe ndani ya mwaka mmoja tangu kujifungua, isipokuwa kama mwanamume alishaanza kutoa matunzo. Sheria ile tuliirithi, tukaiweka kabatini, na tuliifuta mwaka 2009. Mwaka 2009, ndugu zangu, ambapo shilingi 100 haikununua soda hata moja!

Kuna na mia nyingine. Sheria za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, zilizotumika wilaya nyingi za Bara, zilisema mtoto wa nje ya ndoa ni wa upande wa mama. Mwanamume akitaka kumhalalisha bila kumwoa mama yake, alimlipa baba wa msichana shilingi 100, kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Asipolipa, basi tena. Utaona kwamba katika sheria zote mbili hakuna mahali mtoto mwenyewe alipoulizwa. Sheria ilimpa mwanamume saa ya kuondokea, kisha ikamwachia mtoto maisha mazima ya kujibu maswali ya watu.

Kanisa nalo lina utaratibu wake. Kanuni ya 877 ya sheria za Kanisa Katoliki inasema mtoto wa mama asiyeolewa ataandikwa jina la baba kwenye kitabu cha ubatizo ikiwa kuna hati ya serikali inayothibitisha, au baba mwenyewe ametamka mbele ya paroko na mashahidi wawili. La sivyo nafasi inaachwa wazi. Naielewa sababu yake: usimbambikie mtu mtoto. Lakini ukiunganisha nafasi tupu ya kanisa, nafasi tupu ya serikali na nafasi tupu ya mahakama, unapata mtu mzima ambaye nusu yake haipo kwenye karatasi yoyote duniani.

Majirani zetu Wakenya walikuwa na kifungu kama hicho. Sheria yao ya usajili, kifungu cha 12, ilikataza kuandika jina la baba wa mtoto wa nje ya ndoa mpaka mama na baba waombe kwa pamoja. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Nairobi ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba, kinambagua mtoto. Dunia haikuanguka. Wanaume wa Kenya bado wapo.

Na Wataliano wenyewe? Wao walikwenda mbali zaidi, wakaigeuza aibu kuwa sheria. Walipoitawala Eritrea, Somalia na Ethiopia, utawala wa Mussolini ulitoa amri mwaka 1937 ya kumfunga hadi miaka mitano Mtaliano atakayeishi kinyumba na mwanamke wa koloni. Mei 1940 ikaja sheria namba 822: Mtaliano asimtambue mtoto chotara, mtoto asipewe jina la ukoo la baba, na gharama zote za kumlea ziwe juu ya mzazi mwenyeji. Soma tena hapo. Kumtelekeza mtoto hakukuwa kosa. Kumtambua ndiko kulikokatazwa. Ilifutwa mwaka 1947. Fundi Pepe alipofika Manyoni sheria ile ilikuwa imekufa zaidi ya miaka ishirini, lakini alichokifanya ni kilekile ilichokuwa inaamuru. Sheria inaweza kufutwa kwa siku moja, tabia iliyozaliwa nayo ikaendelea kula na kushiba.

Sasa, kwa wale wanaoona kutafuta baba ni mambo ya tamthilia, ngoja niwape mtu wa kweli. Isabella Marincola alizaliwa Mogadishu mwaka 1925. Baba yake, Giuseppe Marincola, alikuwa mwanajeshi wa Italia. Mama yake, Aschirò Hassan, alikuwa Msomali. Baba huyu alifanya jambo ambalo wenzake wengi hawakulifanya: aliwatambua watoto, Isabella na kaka yake Giorgio, akawapa jina lake, akawapeleka Italia wakiwa wadogo. Mtasema heri yao. Lakini mama yao aliachwa Somalia. Isabella alilelewa Roma nyumbani kwa mke wa Kitaliano wa baba yake, rangi yake ikimuuliza maswali kila siku. Giorgio alijiunga na wapiganaji waliopinga ufashisti, akauawa na askari wa Kijerumani Mei 1945, vita ikiwa inaisha, na taifa la Italia likampa nishani ya dhahabu ya ushujaa. Isabella alicheza filamu, akaishi, akahangaika, na akiwa mtu mzima alirudi Mogadishu akakutana tena na mama yake. Vita ya Somalia ikamrudisha Italia mwaka 1991, akafariki 2010. Miaka miwili baadaye mwanawe, Antar Mohamed, pamoja na mwandishi wa kundi la Wu Ming, wakachapisha kitabu cha maisha yake kiitwacho Timira.

Kwa nini nimemleta Isabella? Kwa sababu mama wa Manyoni ni Isabella aliyegeuzwa. Mmoja alipewa baba akanyang'anywa mama, mwingine aliachiwa mama akanyimwa baba. Wote wawili walitumia utu uzima wao kutafuta nusu iliyokosekana. Tofauti ni kwamba Isabella alikuwa na karatasi. Kila mtu aliyetaka kuandika habari zake alikuta majina mawili kamili, ya baba na ya mama. Historia ya ukoo huanzia kwenye jina lililoandikwa.

Msidhani pia kwamba ni ya watu wawili hawa tu. Hapo Kongo, enzi za Mbelgiji, dola yenyewe ilikuwa inawachukua kwa nguvu watoto wa baba Mzungu na mama Mkongo na kuwapeleka kwenye misheni mbali na mama zao. Mwaka 2019 Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba radhi. Wanawake watano, Léa Tavares Mujinga, Monique Bitu Bingi, Noëlle Verbeken, Simone Ngalula na Marie-José Loshi, wakaona radhi haitoshi. Walikuwa bibi wa miaka sabini na ushee. Wakaenda mahakamani. Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels ikasema walichofanyiwa ni uhalifu dhidi ya binadamu, na kila mmoja alipwe euro 50,000. Hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ubelgiji sasa inawasaidia watu kama wao kutafuta mafaili yao.

Na Nanyuki, Kenya, kuna watoto waliozaliwa na askari wa Uingereza wanaokuja kwa mazoezi. Wanasheria na wataalamu wa vinasaba waliwachukua vipimo, wakavilinganisha na hifadhi za vinasaba ambazo Wazungu wenyewe hujiunga nazo kutafuta koo zao, na mababa wakaanza kupatikana. Mwaka 2025 mahakama ya London ilithibitisha ubaba wa baadhi yao. Nanyuki hiyohiyo ndiyo iliyokuwa na kambi ya mateka Wataliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ile ambayo Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka mwaka 1943 wakapanda Mlima Kenya, kisha wakarudi wenyewe kambini. Majina ya mateka hao yaliandikwa na Waingereza, yakaandikwa na Msalaba Mwekundu. Ndiyo nasema, Mzungu akitaka kuandika, anaandika.

Tena twende karibu na Singida. Pale Kondoa, wakati wa vita hiyohiyo, kulikuwa na makazi ya wakimbizi kutoka Poland, kama yaliyokuwapo Tengeru, Ifunda, Kidugala na Morogoro. Watu wale walikuwa maskini waliofukuzwa makwao, lakini waliacha orodha na makaburi yenye majina. Mpaka leo mjukuu hutoka Poland akaenda moja kwa moja kwenye kaburi la bibi yake Tengeru. Sisi tuliozaliwa hapa hatuwezi kumwonyesha mtu faili la fundi aliyeingia nchini kwa kibali miaka hamsini tu iliyopita?

Ngoja sasa niwaeleze ugumu ulivyo, maana wengi mnadhani siku hizi unaandika jina kwenye intaneti, baba anatokea. "Pepe" si jina, ni namna Wanyaturu walivyosikia Beppe, na Beppe ni kifupi cha Giuseppe, jina walilobatizwa Wataliano wasio na idadi. Kumtafuta Giuseppe Italia ni kama kumtafuta Juma Kariakoo. Kinachohitajika ni vitu viwili: jina la ukoo na mji aliozaliwa. Ukivipata hivyo, Italia ni nchi rahisi kuliko unavyofikiri. Kumbukumbu za raia zinatunzwa na kila manispaa. Vitabu vya zamani vya vizazi, ndoa na vifo vya mikoa mingi vimepigwa picha na kuwekwa bure kwenye tovuti ya serikali yao iitwayo Antenati. Wanaume wa rika la Pepe walipitia jeshi la lazima, na kila mmoja alikuwa na ukurasa wake kwenye daftari la jeshi.

Na sheria yao ya leo, nawaambieni, imetuzidi. Tangu mwaka 2012 Italia haitofautishi mtoto wa ndani na wa nje ya ndoa, wote ni watoto. Kanuni yao ya madai inasema mtoto anaweza kudai mahakamani ubaba uthibitishwe bila ukomo wa muda, hata baba akishakufa, dai likaelekezwa kwa warithi. Fikiria hilo. Roma inampa mama wa Manyoni maisha yake yote ya kudai. Sisi tulikuwa tunampa mama yake miezi kumi na miwili.

Kwa hiyo kizuizi hakiko Roma. Kiko hapahapa. Karatasi moja yenye jina la ukoo la fundi yule ipo mahali nchini mwetu, au ilikuwapo: kwenye faili la kibali cha kazi, kwenye orodha ya mishahara ya kampuni, kwenye daftari la wagonjwa la zahanati, kwenye rejista ya nyumba ya wageni. Mama huyu amekwenda kuuliza. Ofisi moja ilimwambia mafaili ya zamani yalihamishwa. Nyingine ikamwambia aje na jina kamili ndipo watafute, yaani alete jibu ili apewe swali. Ya tatu ikamwambia ni siri.

Siri ya nani? Sheria yetu ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 inasema, kwa kanuni ya jumla, nyaraka za umma hufunguliwa baada ya miaka 30. Faili la mwaka 1974 lilitakiwa lifunguliwe 2004. Sheria ya haki ya kupata taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa na inaitaka ofisi imjibu ndani ya siku 30. Siku hizi wamepata kichaka kipya, sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022. Sheria hiyo ni nzuri na naiunga mkono, lakini ilitungwa kumlinda mtu asichezewe taarifa zake. Kumficha mtu baba yake si kulinda taarifa.

Na kama tatizo ni faragha ya mzee wa watu, dawa ipo, tena ya zamani. Msalaba Mwekundu wanapotafuta ndugu waliotenganishwa na vita hawamwagi anwani ya mtu barazani. Wanampelekea ujumbe anayetafutwa, wanamuuliza kama yuko tayari kuwasiliana. Akikataa, wanamrudishia anayetafuta jibu hilo. Ofisi zetu na balozi zingeweza kufanya hivyo kwa bahasha moja na stempu. Mzee akisema hapana, mama huyu atalia siku moja, atanyanyuka. Kinachomla sasa hivi ni kutojua.

Najua kuna watakaosema: je, mzee ana mke na watoto huko, unataka kuvunja nyumba ya watu? Swali zuri. Mimi nauliza la kwangu: nyumba ya Manyoni aliyoiacha haikuwa nyumba? Yule msichana wa Kinyaturu aliyebaki na mimba, na mtoto mweupe, na kijiji kizima kikimtazama, yeye hakuvunjikiwa? Tuna huruma ya ajabu sisi, inavuka bahari kwenda kumwonea mzee haya, inamruka mama aliye mbele yetu.

Na hapa nina neno kwa mama mwenyewe na kwa wote wanaotafuta kama yeye. Historia ya ukoo wako haianzii Italia. Nusu yake tunakanyaga juu yake kila siku na hatuiandiki. Singida ndiko alikotoka Liti, mwanamke wa Kinyaturu aliyewasumbua Wajerumani mwanzoni mwa karne iliyopita, ambaye simulizi zinasema aliwapigana kwa nyuki. Uwanja wa mpira wa Singida sasa unaitwa kwa jina lake. Hakuna anayeuliza baba wa Liti alikuwa na cheti. Lakini muulize kijana wa Singida akutajie jina la mama wa bibi yake, utaona anavyokodoa macho. Tulihamishwa kwenye vijiji vya ujamaa miaka ileile ya sabini, mahame yakabaki mahame, na wazee walioyajua majina ya mahali wanaondoka mmoja mmoja.

Wazee hao ndio nyaraka za kwanza. Pepe hakuishi peke yake kwenye kambi ile. Alikuwa na mpishi, dereva, mlinzi wa usiku, kibarua aliyemshikia spana. Watu hao waliitwa kwa majina asubuhi kwenye foleni ya mshahara, na waliwasikia Wataliano wakiitana. Wengine bado wapo, wana miaka themanini. Nilipomuuliza mama kama amewahi kuwatafuta, aliniambia alianza na mzee mmoja aliyekuwa dereva, ambaye alikumbuka kwamba gari la Pepe lilikuwa na jina limeandikwa kwa rangi mlangoni, ila yeye dereva hakujua kusoma. Jamani! Jina lilikuwa mlangoni.

Wasiotaka kusikia habari za zamani, basi tuongee za leo. Reli ya kisasa inapita Manyoni na Itigi kwenda Tabora. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda kwenda Tanga linapita mkoa huohuo wa Singida. Mafundi wamekuja kutoka Uturuki, China na kwingineko, wanaume walioacha wake mbali, kwenye miji yenye mabinti wetu. Sisemi kampuni fulani imekosea. Nasema mimba hazisubiri mkataba uishe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 6, inasema mtoto ana haki ya jina, uraia na kuwajua wazazi wake wa kumzaa. Vipimo vya vinasaba vipo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ukipitia mahakama, wakili au ofisa ustawi wa jamii. Haki hiyo ina maana baba akiwa bado Itigi. Akishapanda ndege, haki inabaki kuwa sentensi nzuri kwenye kitabu.

Kwa hiyo naomba kutoa hoja, na hoja zangu ni tatu.

Moja: wilaya zote zinazopitiwa na miradi hii ziwe na ofisa ustawi wa jamii anayejulikana kwa sura na kwa namba ya simu, na msichana akienda kwake asiulizwe alivaa nini. Jina kamili la baba, namba ya pasipoti na anwani ya kwao viandikwe siku hiyohiyo.

Mbili: mafaili ya vibali vya kazi na ukaazi ya miaka ya sitini, sabini na themanini yapangwe na yafunguliwe kama sheria ya 2002 inavyotaka, na mtu akiomba kutafutiwa apewe jibu la maandishi ndani ya siku zake 30. Hata kama jibu ni "halipo", liandikwe, lisainiwe.

Tatu ni yetu sisi vijana wenye kamera na kompyuta. Kila mmoja wetu ana mzee aliyefanya kazi na Mgiriki kwenye mkonge, Mtaliano barabarani, Mchina kwenye TAZARA. Mkae chini na mzee huyo, mrekodi, muandike majina. Yaandikeni hata vile anavyoyatamka vibaya, kwa sababu "Pepe" iliyotamkwa vibaya ndiyo uzi pekee alionao mtu mmoja Manyoni.

Na wale watatu wa chumba cha habari, nawasalimu. Nimepata jina la mzee mwingine, alikuwa mtunza stoo wa kampuni ile, na huyu anajua kusoma. Wiki ijayo nachukua likizo ya siku nne, basi la alfajiri, nauli yangu mwenyewe. Pasipoti yangu nitaiacha nyumbani.